Maji ya Mvua Yasituame Kando ya Nyumba: Linda Msingi, Linda Watoto

Mvua ikikatika, maji hayapaswi kubaki kando ya ukuta. Yakikaa hapo siku nyingi hudhoofisha msingi wa nyumba na kuleta maradhi kwa wanaolala ndani, hasa watoto wa chini ya miaka 5 na wajawazito. Sehemu kubwa ya kazi ya kuyaondoa inahitaji jembe, chepe na udongo tu. Pwani ya Tanzania hupata masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Anza kabla mvua hazijashika.

Madhara kwa afya

- Malaria. Mbu anayeeneza malaria hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama, hata dimbwi dogo lililo juani. Yai huchukua takriban wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili. Dimbwi linalokauka ndani ya siku 3 halitoi mbu. Linalokaa wiki mbili linaweza kutoa.
- Kuhara na kipindupindu. Maji yakiingia kwenye choo cha shimo, hutoka na kinyesi na kukisambaza uani. Mtoto anayetambaa hugusa matope hayo, kisha hutia mikono mdomoni.
- Kifua na pumu. Maji hupanda ukutani kutoka kwenye msingi. Rangi hubabuka, ukungu huota, na mtoto mwenye pumu huzidiwa.
- Kuzama. Maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha kumzamisha mtoto anayejifunza kutembea.
- Ukuta kuanguka. Nyumba ya udongo au ya matofali mabichi hulainika kuanzia chini.

Maji yanatoka wapi?

Mara nyingi yanatoka kwenye paa lako mwenyewe. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 6 kwa 8 likipata mvua ya milimita 30 hushusha zaidi ya lita 1,400, sawa na madumu 70 ya lita 20. Yote hayo huangukia kwenye mchirizi, karibu kabisa na ukuta.

Hatua za kuchukua

1. Tazama maji yanaposimama. Baada ya mvua, zunguka nyumba na uchomeke kijiti kila penye dimbwi. Kesho yake rudi uone ni wapi hapajakauka. Hapo ndipo pa kuanzia.

2. Jaza na shindilia. Jaza mashimo kwa moramu au udongo mzito, kidogo kidogo, ukishindilia kila tabaka. Usitumie mchanga mtupu, kwa sababu hupitisha maji hadi kwenye msingi.

3. Tengeneza mteremko. Ardhi iwe juu ukutani na ishuke kuelekea nje. Kila mita moja ishuke kama sentimita 5, yaani upana wa vidole vitatu, kwa mita 2 au 3 za kwanza. Jaribu kwa kumwaga ndoo ya maji karibu na ukuta: yanapaswa kwenda nje. Udongo usifikie usawa wa sakafu, maana unyevu utaingia ndani.

4. Shughulikia mchirizi. Tandaza kokoto pale maji yanapodondokea, au chimba mfereji mfupi wa kuyaondoa. Usichimbe kwa kina karibu na msingi, utaulegeza. Ukiweza kuweka gata, elekeza maji kwenye pipa lenye mfuniko unaobana. Pipa lililo wazi huzalisha mbu wa dengue, ambaye huuma mchana.

5. Yape maji pa kwenda. Yapeleke kwenye mtaro, kwenye migomba, au kwenye shimo lililojazwa mawe, lililo chini ya nyumba kwa mteremko na mbali na choo na kisima. Usiyaelekeze kwa jirani. Dimbwi litakuwa limehama tu, na mbu wake watarudi kwako usiku.

6. Zibua mtaro kila wiki. Ondoa mifuko, majani na mchanga. Vaa viatu vilivyofunika miguu. Watoto wasifanye kazi hii.

Kumbuka pia maji ya kufulia na kuoshea vyombo. Yakimwagwa kila siku pale pale, dimbwi halikauki hata wakati wa kiangazi.

Ukiwa mpangaji

Mwonyeshe mwenye nyumba sehemu zenye maji, na mpangiane zamu na wapangaji wenzako za kusafisha uwanja. Mtaro wa barabarani ukiwa umeziba, peleka taarifa serikali ya mtaa mkiwa kikundi.

Hatari za kutosubiri

Ukiona ufa mpya unapanuka, ukuta umeinama, au udongo wa chini unamomonyoka, usilaze watoto kwenye chumba hicho. Maji yakiingia ndani, usiguse swichi wala waya ukiwa umekanyaga maji.

Mtoto akipata homa, mpeleke kupimwa malaria siku hiyo hiyo, hata kama analala kwenye chandarua. Akiharisha, mpe ORS mara moja, endelea kumnyonyesha, na uulize kituoni kuhusu vidonge vya zinki. Kimbilia kituo cha afya bila kuchelewa akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea na kuwa mgumu kuamka, akipumua kwa shida, au akiharisha maji mengi mfululizo.