Kitabu Kilichokanwa na Wenyewe

Katika lugha yetu, irabu moja tu humtenga Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini. Tukimwita mwenye duka Mhindi, hatujasema lolote kuhusu imani yake: huenda ni Mwislamu wa Ismailia, huenda ni Singasinga, huenda ni Mgoa Mkatoliki. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza darasani iwapo tofauti hiyo ndogo ina uzito wowote katika historia. Nilimjibu kwa kumweleza habari za kitabu kimoja kilichoandikwa ili kuifuta.

Machi 1939, huko Nagpur, Madhav Sadashiv Golwalkar alichapisha kwa Kiingereza kitabu kiitwacho We, or Our Nationhood Defined. Alikuwa na umri wa miaka 33, naye aliwahi kufundisha zoolojia katika Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras. Mwaka uliofuata alikabidhiwa uongozi wa Rashtriya Swayamsevak Sangh (RSS), jumuiya iliyoasisiwa Nagpur mwaka 1925, akaushika hadi alipofariki mwaka 1973.

Hoja yake ni kwamba taifa husimama juu ya nguzo tano: nchi, nasaba, dini, utamaduni na lugha. Vinayak Damodar Savarkar alikwisha kuandika mwaka 1923 kwamba Mhindu ni yule ambaye India ni nchi ya mababu zake na papo hapo nchi yake takatifu. Golwalkar alikwenda mbali zaidi. Kwake, wasio Wahindu hawana budi kuupokea utamaduni na lugha ya Wahindu na kuiheshimu dini yao. La sivyo, waishi chini ya taifa la Wahindu bila kudai chochote, hata haki za uraia. Alipotafuta mfano wa taifa linalojivunia nasaba yake, aliitaja Ujerumani ya Hitler, akaona katika ilivyowatendea Wayahudi somo la kuifaa India. Kitabu kilitoka miezi minne tu baada ya usiku ule wa Novemba 1938 ambapo masinagogi yaliteketezwa kote Ujerumani.

Ushahidi wake ulilazimishwa ukubaliane na hitimisho. Bal Gangadhar Tilak alikuwa ameandika mwaka 1903 kwamba chimbuko la Veda ni Aktiki. Golwalkar, aliyetaka Wahindu wawe wenyeji wa India tangu mwanzo, alijibu kwamba zamani hizo Ncha ya Kaskazini ilikuwa mahali panapoitwa leo Bihar na Odisha, kisha ikahama! Wingi wa lugha za India nao aliumaliza kwa kudai kwamba zote ni matawi ya Sanskriti, ilhali Kitamil na jamaa zake ni ukoo mwingine kabisa wa lugha.

Watetezi wake husema tusimhukumu mtu wa 1939 kwa mizani ya leo. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama si dibaji ya kitabu chenyewe. M. S. Aney, mwanasiasa aliyeombwa kuiandika, alimsifu mwandishi, lakini alipinga kuwanyima raia wa jamii ndogo haki zao, akieleza kwamba hakuna dola ya kisasa ifanyayo hivyo, na akailaumu lugha kali iliyotumika. Basi onyo lilitolewa mwaka uleule, tena ndani ya jalada lilelile. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilifuata njia ya Aney: uraia haukufungwa kwenye dini.

Mwaka 2006 RSS ilikana hadharani kwamba kitabu hicho kinawakilisha msimamo wake. Kukana ni hatua njema, lakini kukana kitabu ni jambo jepesi kuliko kukana swali lililokizaa: ni nani mwenye nchi, na ni nani mpangaji? Mwaka 2019 Bunge la India lilirekebisha sheria ya uraia, likawafungulia njia ya haraka wahamiaji wa dini sita kutoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan. Waislamu hawakutajwa.

Nasi wa Afrika Mashariki tusijione watazamaji. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Waliofungasha mizigo walikuwa Waislamu, Masingasinga, Wagoa, na Wahindu wengi. Hapo Mhindu alihukumiwa kwa kanuni ileile aliyoandikiwa Mwislamu wa India mwaka 1939: kwamba damu yako hutangulia uraia wako. Kanuni hiyo haina rafiki wa kudumu. Humtumikia aliye na nguvu siku hiyo.

Wewe mtumishi wa umma unayepokea maombi ya kitambulisho, na wewe mwanafunzi utakayeketi kesho kwenye kiti hicho, mtakutana na swali hili bila jina la Golwalkar. Litakuja kwa sauti ya kawaida kabisa: huyu kwao hasa ni wapi? Kabla ya kuliuliza, jiulizeni sheria inawataka mlijue jibu lake kwa sababu gani.