Jina Nyerere: Chimbuko Lake na Fundisho kwa Wazazi

Wazazi wanaomleta mtoto kubatizwa huuliza mara kwa mara kama jina la babu lafaa kuandikwa katika kitabu cha ubatizo, hasa likiwa linataja mdudu, njaa au mvua. Historia ya jina Nyerere, lililotoka Butiama likajulikana ulimwenguni kote, inatusaidia kujibu.

Chimbuko

Katika Kizanaki, nyerere ni kiwavi. Inasimuliwa kwamba mwana wa mzee Burito alizaliwa yapata mwaka 1860, viwavi walipoivamia nchi ya Wazanaki, naye akapewa jina la tukio hilo. Mtoto huyo ndiye Chifu Nyerere Burito, aliyewaongoza Wazanaki tangu 1915 hadi alipofariki mwaka 1942.

Nyerere Burito maana yake ni Nyerere mwana wa Burito. Vivyo hivyo, mwanawe aliyezaliwa na Mama Mugaya Nyang'ombe tarehe 13 Aprili 1922, siku ya mvua kubwa, aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Naye akawa Kambarage Nyerere. Kwa desturi hiyo, kizazi kilichofuata kingeitwa kwa jina la Kambarage. Lakini kwa mazoea ya shule na ofisi jina la mwisho hubaki, na hivyo jina la mtu mmoja likawa la ukoo mzima.

Mfano wa Hispania

Majina ya koo za kiungwana za Hispania yalikua kwa njia iyo hiyo. Mtakatifu Inyasi aliitwa Íñigo López de Loyola. López ni mwana wa Lope, na Lope hutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mbwa mwitu. Loyola ni makao ya ukoo wake. Basi, huko mbwa mwitu, huku kiwavi: heshima ya jina haikutoka katika maana yake ya kwanza, bali kwa waliolibeba.

Jina na ubatizo

Kambarage alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943 huko Nyegina, misioni iliyoanzishwa na Wamisionari wa Afrika mwaka 1911. Akapokea jina Julius, wala hakuyatupa mengine mawili. Kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lililo geni kwa maana ya Kikristo. Haisemi kwamba jina la wazee lifutwe. Kukumbuka mvua au baa la viwavi si ibada ya mizimu. Pale jina linapogusa mzimu, paroko akae na wazazi, watazame nia yao: ni kumbukumbu, au ni kumkabidhi mtoto kwa mwingine asiye Mungu?

Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza Mwalimu kuwa Mwenyeheri, naye sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere: jina la ubatizo, la mvua na la baba yake, yote matatu pamoja.

Ndugu wapendwa, waulizeni wazee maana ya majina yenu wangali hai. Kisha njoni nayo parokiani bila haya.