Udongo, Viatu na Mitoki: Miaka 70 ya Ugonjwa Ambao Kampala Haiuhesabu

Ingia soko la Owino, Kampala, kutoka upande wa uwanja wa Nakivubo na kabla hujapiga hatua kumi umeshaitwa "ssebo" au "nnyabo" mara ishirini. Kuna mashati, kuna mapazia, kuna viatu vya mitumba, au mivumba kama isemavyo Kampala, vimepigwa brashi na kupangwa jozi kwa jozi. Mbele kidogo wanauza dawa za miti shamba, na kati yake emumbwa, vile vipande vya udongo uliofinyangwa na majani ya dawa. Viatu na udongo. Msomaji aviweke akilini vitu hivyo viwili, maana makala hii itavirudia, na vyote viwili vimo katika historia ya ugonjwa ambao wengi sokoni humu hawajapata kuusikia.

Mwaka huu wa 2026 unatimia miaka 70 tangu mtaalamu wa patholojia wa Boston, Benjamin Castleman, alipochapisha habari za wagonjwa 13 waliokuwa na tezi zilizovimba mno kifuani. Tarehe 23 Julai ya kila mwaka huadhimishwa duniani kuwa siku ya ugonjwa huo, unaoitwa kwa jina lake. Si saratani. Ni tezi za limfu zinazokua kupita kiasi, zile ambazo Waswahili huziita mitoki zikivimba kinenani au kwapani. Vitabu vinauita ugonjwa adimu. Mimi nimekuja kulitilia shaka neno hilo, nikiegemea hasa maandishi ya madaktari wawili: John Ziegler, aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, na Corey Casper, aliyeandika tathmini ya miaka 50 ya ugonjwa huu mwaka 2005 huku kazi yake ikimleta Kampala mara kwa mara.

Hadithi ya Boston ni fupi. Mwaka 1954 Castleman alieleza kisa cha mtu mmoja mwenye homa na uvimbe kifuani. Mwaka 1956 wakawa 13, na wengi wao walipona walipokatwa uvimbe. Mwaka 1972 yeye na wenzake walifikisha wagonjwa 81 na kutenganisha sura mbili za ugonjwa zinavyoonekana chini ya hadubini. Baadaye ikadhihirika kuwa wapo wagonjwa ambao tezi zao huvimba mwili mzima kwa pamoja, wenye homa, jasho la usiku, kukonda, upungufu wa damu na wengu uliovimba. Hao hawakuponywa kwa kisu, na wengi walikufa.

Hadithi ya Kampala ni ndefu zaidi, nayo haikuanza na jina la Castleman.

Miaka ya 1950, Mulago ilikuwa na jambo ambalo hospitali nyingi za Afrika hazikuwa nalo: watu waliohesabu. Daftari la saratani la Kampala lilianzishwa mwaka 1951. Denis Burkitt akaeleza uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958. Hilo kila mwanafunzi wa udaktari analijua, nami sitalirudia. Lisilosimuliwa sana ni kwamba madaktari hao hao walikuwa wakiona sarkoma ya Kaposi, ugonjwa ulioelezwa Vienna mwaka 1872 kuwa wa wanaume wazee, ikiwashika watu wazima wengi na hata watoto. Katika watoto ilijificha kwenye tezi: shingo imejaa, makwapa yamejaa, ngozi safi. Mwaka 1961 ulifanyika Kampala mkutano wa wataalamu kuhusu ugonjwa huo mmoja tu.

Mwaka 1967 akaja Mmarekani kijana, John Ziegler, kuongoza kituo cha kutibu limfoma kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Miaka minne baadaye, mwaka 1971, katika mji huo huo, soko la Owino lilianzishwa. Wasimulizi husema jina ni la mzee Mjaluo aliyeuza chakula hapo. Jina rasmi, Mtakatifu Balikuddembe, ni la shahidi Yosefu Mukasa aliyeuawa Nakivubo mwaka 1885. Mwaka 1972 Ziegler na Burkitt walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker huko Marekani. Mwaka huo huo, nchi ikiwa mikononi mwa Idi Amin, Ziegler aliondoka, na taasisi ikashikwa na Charles Olweny, mkurugenzi wake wa kwanza Mganda.

Swali la Kaposi halikumtoka Ziegler. Kwa nini ulishika nyayo na miguu? Kwa nini wakulima? Kwa nini ramani yake ilifuata magharibi ya Uganda, mashariki ya Kongo, Rwanda na Burundi, kisha ikaruka hadi Kamerun? Novemba 1993 alitoa jibu lake katika jarida la Lancet, na ni jibu lililotoka shambani moja kwa moja: udongo. Maeneo hayo ni ya volkano. Udongo wake mwekundu una chembe ndogo mno, nazo humwingia mtu kupitia nyayo akitembea peku mwaka hadi mwaka. Chembe husafiri hadi kwenye mishipa ya limfu na tezi za kinena, zikaziba njia, na sehemu ile ya mwili ikabaki bila ulinzi.

Wazo hilo halikuwa la kuchekwa. Ernest Price alikuwa ameshaonyesha huko Ethiopia kwamba kuna matende yasiyoletwa na mbu wala mnyoo, ila na udongo wa volkano kwenye miguu isiyo na viatu. Kwa Ziegler Kaposi ilifuata nyayo zile zile. Maana yake, kinga ingekuwa nyepesi ajabu: jozi ya viatu. Kama hoja ingesimama, jukwaa la viatu la Owino lingekuwa kituo kikubwa cha afya kuliko vyote Afrika Mashariki, na wenye meza wangestahili mshahara wa serikali.

Ulipita mwaka mmoja na wiki chache. Desemba 1994, wanandoa wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwanapatholojia Yuan Chang na mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko Patrick Moore, walitangaza katika jarida la Science kwamba wamekuta ndani ya uvimbe wa Kaposi vipande vya jeni vya kirusi kisichojulikana, cha jamii ya herpesi. Hawakuwa wamechimba udongo wa mtu. Walichukua nyama ya uvimbe na nyama isiyo na ugonjwa ya mgonjwa yule yule, wakatoa kilichofanana, wakatazama kilichobaki.

Hapo ubishi ukapamba moto. Ikiwa ni kirusi, kwa nini miguuni? Na ikiwa ni udongo, vipi kuhusu vijana wa New York wenye UKIMWI waliovaa viatu maisha yao yote? Kirusi kilishinda, na heshima ya Ziegler ni kwamba naye aligeuka akashiriki kukipima kirusi hicho katika damu ya Waganda. Lakini swali lake la miguu halijafutwa kabisa. Kirusi kinaambukizwa hasa kwa mate, na huwaingia wengi utotoni. Katika vijiji vya Kyamulibwa, wilaya ya Kalungu, ambako watafiti wamefuatilia wakazi kwa miongo, zaidi ya tisa kati ya watu wazima kumi wana dalili za kuwahi kuambukizwa. Basi kwa nini anaugua huyu na si jirani yake? Kirusi peke yake hakilijibu hilo.

Mwaka 1995 kamba mbili za hadithi yetu zilifungwa fundo, na zilifungwa Paris. Jean Soulier na wenzake walikitafuta kirusi cha Kaposi katika tezi za wenye Castleman ya mwili mzima. Wagonjwa 14 waliokuwa na virusi vya UKIMWI walikuwa nacho wote. Wasio na UKIMWI, 7 kati ya 17. Ikaja kujulikana kwamba kirusi hicho hutengeneza nakala yake ya interleukini-6, ile kemikali ambayo mwili huitumia kupiga mbiu ya homa. Tezi husikia mbiu mchana na usiku, nazo huvimba.

Pima sasa. Ugonjwa unaitwa adimu. Kirusi kinachouleta kimeenea Uganda kuliko karibu pote duniani, na UKIMWI unaokifungulia mlango tunaishi nao tangu miaka ya 1980. Hesabu yake ingetarajiwa kuwa kubwa hapa. Iko wapi?

Haipo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya makaratasi: daftari la Kampala, fahari yetu tangu 1951, huandika saratani, na Castleman si saratani. Ya pili ni ya kisu. Mtu wa sokoni akiwa na tezi, homa, jasho na mwili unaokwisha, jambo la kwanza linaloingia akilini mwa kila mtu, daktari pamoja, ni kifua kikuu cha tezi. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Hupewa vidonge vya miezi sita, pengine baada ya kuvutwa majimaji kwa sindano. Lakini sindano huleta seli zilizotawanyika, na Castleman haisomeki katika seli moja moja. Husomeka katika mpangilio wa tezi, kama mkeka ambao huwezi kuujua ufumaji wake kwa ukindu mmoja. Lazima tezi itolewe nzima, ikatwe vipande vyembamba, ipakwe rangi inayofichua kirusi.

Malawi wanatufundisha. Maabara ya patholojia ilipofunguliwa katika hospitali ya Kamuzu, Lilongwe, mwaka 2011, haikuchukua miaka mingi madaktari wakaanza kuchapisha habari za wagonjwa wa Castleman. Ugonjwa haukuhamia Lilongwe mwaka huo. Kilichohamia ni hadubini.

Kuujua si kazi bure. Mwaka 2011 madaktari wa London walieleza kwamba tangu waanze kutumia dawa ya rituksimabu, wagonjwa tisa kati ya kumi wenye Castleman ya kirusi walikuwa hai baada ya miaka mitano. Kabla ya hapo ilikuwa theluthi tu. Mwaka 2014 siltuksimabu, dawa ya kuzima interleukini-6, ilikubaliwa Marekani baada ya majaribio kwa watu 79. Casper alikuwa mmoja wa waandishi wa majaribio hayo. Lakini wenye kirusi cha Kaposi hawakuruhusiwa kushiriki, wala wenye UKIMWI. Yaani dawa ya kwanza iliyoidhinishwa huko kwa jina la Castleman ilipimwa kwa watu wasio na ile sura ya ugonjwa ambayo sisi tungetazamia kuwa nayo.

Mulago kumebadilika tangu hapo. Mwaka 2015 lilifunguliwa jengo jipya la Taasisi ya Saratani kwa ushirikiano na kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle, na wanapatholojia Waganda wapo. Ila kilima hicho cha Mulago kilichoufundisha ulimwengu kuhesabu uvimbe hakina bado safu ya kuandikia huu mmoja.

Mchuuzi wa Owino hahitaji kulijua jina la Castleman. Akimaliza vidonge vya miezi sita na mitoki iko pale pale, jasho bado linalowesha shuka, arudi kliniki na swali moja: tezi yangu mliitoa nzima mkaitazama, au mliichoma sindano tu?