Dada Aliyebebwa Mgongoni

Katika ukoo wetu, upande wa mashariki wa Mlima Meru, wazee hawakuhesabu miaka kwa tarakimu. Walisema, "Hiyo ilikuwa kabla hatujafukuzwa Engare Nanyuki," au "baada ya kufukuzwa." Nilikuwa kijana wa sekondari ndipo nilipojua kuwa jambo hilo lina tarehe, Novemba 1951. Mimi nilizaliwa miaka mitatu baadaye, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa niliyapata kwa mama yangu, na mengine kwa kusoma.

Inanibidi nianze mbali kidogo. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri. Wajerumani walilipiza kisasi kikali. Nyumba zilichomwa na ng'ombe wakachukuliwa. Kisha likafuata jambo ambalo halikumwaga damu, lakini lilidumu zaidi: nchi ya chini ya mlima ilikatwa mashamba, wakapewa wageni. Baada ya vita vya Makaburu na Waingereza kwisha mwaka 1902, familia za Makaburu zilikuja kutoka Afrika Kusini na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Wazungu wengine nao wakaja. Wameru wakajikuta kati ya msitu wa serikali juu na mashamba ya walowezi chini, kama nafaka kati ya mawe mawili ya kusagia.

Sipendi kuwasema wageni hao kana kwamba hawakufanya kazi. Walilima, walijenga, na baadhi yao walizika watoto wao katika udongo huu huu. Babu zetu nao walipanda migomba na kahawa, na wakazika watoto wao. Tofauti ni kwamba jasho la mlowezi liliandikwa kwenye karatasi yenye mhuri, na jasho la babu lilijulikana kwa majirani tu.

Ng'ombe wa babu walihitaji malisho, na malisho yalikuwa Engare Nanyuki, jina la Kimaasai lenye maana ya maji mekundu. Watu wakahamia huko wakajenga. Sehemu ya ardhi hiyo Wameru waliilipia kwa fedha zao wenyewe. Lakini mwaka 1947 Jaji Mark Wilson, aliyepewa kazi ya kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi, alipendekeza ramani ipangwe upya, na Engare Nanyuki ikaangukia upande wa walowezi. Yangefanywa mashamba 13 ya ng'ombe, na watu wapatao 3,000 wapishe.

Serikali haikusema inawanyang'anya. Ilisema wana mahali pengine pa kwenda, Kingori, na kwamba pametayarishwa. Waliokataa walitolewa na askari, nyumba zikachomwa moto. Mama alitembea na mzigo kichwani, na mgongoni amembeba dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa bado hajaachishwa ziwa. Alituambia kwamba Kingori palikuwa na joto, na ng'ombe waliotoka kwenye baridi ya mlima walikufa mmoja mmoja.

Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Wameru waliweza kupeleka malalamiko yao huko. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York, akasaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Azimio la kutaka watu warudishiwe ardhi yao halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Kirilo alirudi bila ardhi, lakini alizunguka nchini akieleza yaliyotokea, na wengi wakaona kwamba la Meru lingeweza kuwafika na wao. TANU ilizaliwa mwaka 1954. Mashamba yale ya ng'ombe hayakustawi, walowezi wengi wakaondoka, na watu wetu wakarudi. Baba alikuwa miongoni mwao.

Habari hii nimeisimulia mara nyingi, na kwa fahari. Miaka michache iliyopita nilikuwa nawasimulia wajukuu, na dada alikuwa amekuja kututembelea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Mdogo wangu, wewe hukuwapo. Aliyefukuzwa ni mimi."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Baba alipofariki," akaendelea, "mlikaa wanaume mkagawana. Mkasema mimi nina kwetu kwa mume wangu. Hiyo ndiyo Kingori yangu."

Sikuwa na jibu. Ilikuwa kweli. Mwaka 1996 tulikaa ndugu watatu wa kiume chini ya mgomba, tukapima kihamba cha baba kwa hatua za miguu, na kila mmoja akapata sehemu yake. Jina la dada lilitajwa mara moja tu, na mimi ndiye niliyesema, "Yeye ana pengine pa kwenda." Niliyasema maneno ya serikali ya mkoloni kwa sauti yangu mwenyewe, nisitambue. Miaka mitatu baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilitamka kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume. Niliisoma, nikaipongeza, na nikakaa kimya.

Nimemkatia dada eka moja kutoka sehemu yangu, upande wenye kahawa, na tumeiandikisha kwa jina lake mbele ya serikali ya kijiji. Mmoja wa ndugu zangu bado hanisalimu kwa sababu hiyo. Mwingine anasema anafikiri.

Sasa ninapowasimulia wajukuu habari za Engare Nanyuki, naanza na mtoto aliyebebwa mgongoni. Kisha nawaeleza nilichomfanyia mtoto huyo alipokuwa mtu mzima, maana nalo ni sehemu ya historia ya ardhi yetu.