Ziwa na Lugha: Rasilimali Mbili za Bujumbura

Aulizwapo mtu juu ya utajiri wa Bujumbura, jibu lake la kwanza huwa Ziwa Tanganyika, nalo ni jibu la haki. Ziwa hilo lina urefu upatao kilomita 670 na kina cha karibu mita 1,470. Duniani kote ni Baikal tu lipitalo kwa kina. Jibu la pili, ambalo wengi hulisahau, ni Kiswahili.

Lugha hii ilifika kwa njia ya maji. Wafanyabiashara wa Ujiji walipanda na mitumbwi yao kuelekea kaskazini wakitafuta pembe na watumwa, jambo ambalo hatuna sababu ya kulificha. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kupenya Burundi, lakini Mwami Mwezi Gisabo alimzuia. Kwa hiyo Kiswahili kilibaki ufukoni, huku milimani Kirundi kikitawala peke yake. Wadachi walipojenga boma lao Usumbura, askari na makarani wao waliongeza wasemaji. Na zama za Wabelgiji mtaa wa Buyenzi ukawa ndio makao makuu ya Waswahili mjini.

Hapo ndipo palipo na kidonda. Kwa Warundi wengi neno “Mswahili” lilikuja kumaanisha mjanja, mtu asiyeaminika. Mwalimu afundishaye lugha hii Bujumbura hana budi kuijua historia hiyo, kwani mwanafunzi huingia nayo darasani.

Hata hivyo, biashara haikujali dharau hiyo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa mapatano ya 1921 Ubelgiji ilipewa sehemu zake bandarini Kigoma na Dar es Salaam. Tangu hapo kahawa ya Burundi ikateremka ziwani kwa meli, na lugha ya mpakiaji, nahodha na dalali ikawa moja kutoka Bujumbura hadi pwani. Makao makuu ya nchi yamehamia Gitega tangu 2019, bandari haikuhama.

Turudi kwa samaki. Dagaa wa Kigoma huitwa ndagala Bujumbura, na mgebuka huitwa mukeke. (Mwalimu asiyasahihishe majina haya kwa wino mwekundu!) Ndagala huvuliwa usiku wa giza, kwa kuvutwa na mwanga wa taa. Katika miaka ya 1950 Wagiriki walileta meli za nyavu kubwa, na wavuvi wadogo wakaanza kuunganisha mitumbwi miwili na kuinua wavu katikati yake. Meli zile ziliondoka katika maji ya Burundi mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyingine zikahamia Zambia. Mitumbwi ilibaki, ikazidi kuwa mingi, na samaki wakapungua.

Mwaka 2003 nchi nne za ziwa zilitia sahihi mkataba wa kulihifadhi, na ofisi ya mamlaka yake ikawekwa Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa mvuvi alalaye njaa miezi mitatu, mkataba huo unahitaji kuelezwa kwa lugha anayoisikia, na kwenye fukwe za Uvira, Rumonge na Kigoma lugha hiyo ni Kiswahili.