Nishani na Jina la Mtunzi: Shukrani za Serikali kwa Watunzi wa Muziki kutoka Maniema hadi Pwani

Katika wilaya ya Kailo, iliyo jirani na mji wa Kindu jimboni Maniema, lugha ya nyumbani na ya sokoni ni Kiswahili, kile ambacho kwa muda mrefu kimejulikana kwa jina la Kingwana. Lakini mwanafunzi anaposimama mbele ya bendera ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wimbo anaouimba ni wa Kifaransa. Anajifunza maneno yake hata kabla hajayaelewa yote. Jina la aliyeutunga si sehemu ya somo hilo, kwani wimbo wa taifa hauhitaji jina la mtunzi ili uimbwe. Jambo hili dogo linazaa swali ambalo makala haya yanakusudia kulijadili: serikali za eneo hili zimewashukuruje watunzi wa muziki waliozitumikia, na shukrani hizo zimefanya nini katika maisha yao ya kazi?

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Nishani ni neno la asili ya Kiajemi, na maana yake ya awali ni alama. Katika Kiswahili limepata maana ya pambo la heshima linalovaliwa kifuani, na masultani wa Zanzibar walikuwa na nishani zao walizowatunukia watu mashuhuri na wageni wa kifalme. Kiswahili kilifika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyoweka vituo vyake Nyangwe na Kasongo. Hata hivyo, dhana ya alama ya heshima haikusubiri misafara hiyo. Miongoni mwa Warega, ambao baadhi yao wanaishi katika wilaya jirani ya Pangi, kilikuwapo chama cha bwami, chenye ngazi nyingi na kilele kiitwacho kindi. Aliyepanda ngazi alikabidhiwa vitu maalumu, vikiwemo vinyago vidogo vya pembe za ndovu. Kila kitu kilikuwa na methali yake, wimbo wake na mchezo wake. Alama haikutolewa kimyakimya. Ilifuatana na maneno na sauti, na mwenye kuipokea alilazimika kuyajua mafunzo hayo.

Utawala wa Kibelgiji ulikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Wakati huohuo utawala ulikuwa na alama yake, yaani medali ya chifu, iliyoning'inizwa shingoni mwa kiongozi wa kijadi aliyetambuliwa na serikali. Tofauti kati ya alama hizi mbili ni kubwa. Ya kwanza ilitolewa na wenzake mtu, kwa ajili ya elimu na mwenendo. Ya pili ilitolewa na mtawala, kwa ajili ya utii. Mtu akiichunguza historia ya nishani zilizofuata, ataona kwamba serikali za baada ya uhuru zilirithi zaidi desturi ya pili kuliko ya kwanza.

Mfano wa mapema katika uwanja wa muziki unapatikana Kamina, katika Katanga, kusini mwa Maniema. Padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, aliunda huko kwaya ya wavulana na walimu iliyopewa jina la mfalme, Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 kwaya hiyo iliimba Misa Luba, ibada ya Kilatini iliyofumwa kwa mitindo ya uimbaji wa Kongo, na mwaka huohuo ikazuru Ulaya. Sehemu kubwa ya misa hiyo ilitokana na ubunifu wa waimbaji wenyewe wakati wa mazoezi. Walakini katika sahani za santuri na katika kumbukumbu za wasikilizaji wa Ulaya, jina lililobaki ni la padre, na heshima iliyobaki ni ya mfalme. Waimbaji walipata safari na makofi, lakini hawakutajwa kuwa watunzi.

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ulihitaji wimbo. Maneno ya Debout Congolais yaliandikwa na Simon-Pierre Boka di Mpasi Londi, Mjesuiti, na muziki wake ukatungwa na Joseph Lutumba. Mobutu alipoibadilisha nchi jina kuwa Zaire mwaka 1971, wimbo huo uliwekwa kando na nafasi yake ikachukuliwa na La Zaïroise. Linalostaajabisha ni kwamba wimbo huo mpya nao ulitoka kwa watu walewale wawili. Serikali ilikana jina la nchi, bendera na majina ya Kikristo ya raia wake, lakini ilipotaka sauti ya kuutangazia ulimwengu mabadiliko hayo, ilirudi kwa mtunzi aliyeitumikia serikali iliyotangulia. Mwaka 1997 majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yalipitia Maniema na kuingia Kindu, na mwezi Mei yakafika Kinshasa. La Zaïroise ikanyamazishwa, na Debout Congolais ikarudishwa.

Hivyo basi, katika muda usiozidi miaka 40, nyimbo mbili za mtunzi mmoja zilipandishwa na kushushwa kwa amri ya watawala watatu. Boka aliendelea na upadre na uandishi wa teolojia hadi alipofariki mwaka 2006, na anakumbukwa pia kwa kazi yake katika jarida la Telema la Kinshasa. Lutumba, mwenye sauti, anatajwa kwa kawaida katika mstari mmoja tu unaofuata jina la Boka. Hali hii haishangazi. Maneno ya wimbo wa taifa hubishaniwa, hufasiriwa na kufundishwa darasani. Muziki wake huchukuliwa kama hewa, jambo ambalo lipo bila mtu kulifanya.

Zaire haikukosa nishani. Nishani ya Taifa ya Chui iliundwa mwaka 1966, na miongoni mwa wanamuziki waliovikwa alikuwamo François Luambo Makiadi, maarufu kwa jina la Franco, kiongozi wa OK Jazz. Yeye hakuwa mtunzi wa muziki wa nota kwa maana ya vyuo vya Ulaya, lakini maisha yake yanaonyesha waziwazi thamani na mipaka ya nishani. Mwaka 1978 alitiwa gerezani kwa sababu ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi. Haikuchukua muda akawa huru na kupewa tena hadhi, hata akaitwa Grand Maître wa muziki wa Zaire. Mwaka 1984 aliimba wimbo mrefu wa kumpigia Mobutu kampeni ya urais. Alipofariki mwezi Oktoba 1989, serikali ilitangaza siku 4 za maombolezo ya kitaifa. Nishani haikumkinga na gereza, wala gereza halikumvua umaarufu. Kilichoamua mwendo wa maisha yake ni uhusiano wake na mtawala, na nishani ilikuwa kipimo tu cha hali ya uhusiano huo kwa siku fulani.

Papa Wemba, aliyezaliwa mwaka 1949 Lubefu katika Sankuru, eneo linalopakana na Maniema kwa upande wa magharibi, alipata heshima yake kwa njia nyingine. Mama yake alikuwa mwombolezaji, mwimbaji wa misibani, na mwana mwenyewe mara nyingi alimtaja kuwa mwalimu wake wa kwanza wa uimbaji. Alianguka jukwaani mjini Abidjan tarehe 24 Aprili 2016 na kufariki. Siku chache baadaye, mwili wake ukiwa katika Ikulu ya Watu mjini Kinshasa, Rais Joseph Kabila alimtunuku nishani ya Mashujaa wa Taifa Kabila-Lumumba. Hapana shaka umati uliokusanyika ulifurahia heshima hiyo. Lakini nishani inayowekwa juu ya jeneza haiwezi kumnunulia mtunzi karatasi, ala wala muda. Inawafariji waliobaki, na inampa mtoaji nafasi ya kusimama karibu na mpendwa wa watu.

Je, hali ni tofauti katika nchi nyingine za Afrika Mashariki? Kenya ilipokaribia uhuru mwaka 1963 iliunda kamati ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Kamati hiyo ilichagua wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana wa kubembelezea mtoto, ikautengenezea sauti za kwaya na bendi, na kuutilia maneno ya Kiswahili na Kiingereza. Kwa mintarafu ya Kiswahili, hili lilikuwa tukio la maana, maana wimbo wa dola ulitoka mdomoni mwa mama wa Pwani. Kwa mintarafu ya mtunzi, lilikuwa fumbo. Kazi ya kamati haina mwenyewe, na wimbo wa jadi hudhaniwa kuwa hauna mwenyewe. Serikali iliwalipa fadhila wanamuziki kwa njia ya ajira. Omondi, kwa mfano, aliongoza Tume ya Rais ya Muziki wa Taifa mwaka 1984, iliyochunguza hali ya muziki nchini. Kwa mtunzi aliyesoma, cheo cha namna hii kilikuwa na faida kuliko medali, kwa kuwa kilimpa mshahara na sauti. Lakini kilimgeuza pia kuwa mtumishi wa wizara.

Uganda ilimtambua mtunzi wake kwa jina. George Kakoma, mwalimu wa muziki, ndiye aliyetunga wimbo ulioteuliwa kwa uhuru wa Oktoba 1962. Alipewa shilingi 2,000 kama asante. Wimbo wake ukapigwa katika kila sherehe ya dola kwa karibu nusu karne, chini ya serikali zilizopinduana kwa mtutu wa bunduki, na hakuna hata moja iliyoubadilisha. Katika uzee wake Kakoma aliishitaki serikali akidai haki zake za utunzi. Alifariki mwaka 2012 kabla shauri hilo halijafika mwisho. Watu wengine waliona ni aibu mtu kulidai taifa lake fedha kwa ajili ya wimbo wa taifa. Hoja hiyo ina udhaifu. Mpiga chapa wa noti za fedha hulipwa, mshonaji wa bendera hulipwa, na hakuna anayewaambia kwamba uzalendo wao ungekuwa safi zaidi kama wangeshona na kuchapa bure. Ni mtunzi peke yake anayetazamiwa kuishi kwa heshima.

Tanzania nayo inaimba sauti iliyotungwa mbali. Muziki wa Mungu Ibariki Afrika ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliyefariki mwaka 1905. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila alama. Mnamo tarehe 24 Septemba 1996 serikali ya Nelson Mandela ililitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa, na mtunzi akatunukiwa nishani ya dhahabu, miaka 91 baada ya kifo chake. Hapa neno nishani linarudi kwenye maana yake ya asili: ilikuwa alama, juu ya mahali palipokosa alama.

Watunzi ambao kazi zao hazikuwa na matumizi ya haraka kwa dola walipata heshima kutoka kwingine. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda aliandika oratorio kuhusu Mashahidi wa Uganda, kazi inayofungamana na kutangazwa kwao kuwa watakatifu mjini Roma mwaka 1964. Aliyemtukuza ni Kanisa. Justinian Tamusuza, aliyeandika muziki wa vinanda vinne vya nyuzi kwa mawazo ya ngoma za Kiganda, alifahamika duniani mwaka 1992 wakati Kronos Quartet walipoitia kazi yake katika sahani ya Pieces of Africa. Aliyemtukuza ni msikilizaji wa mbali. Serikali humtafuta mtunzi inapohitaji wimbo wa kusimamia. Muziki wa kuketi na kusikiliza haujapata mlinzi wa kudumu katika wizara zake.

Haifai kuhitimisha kwamba nishani ni upuuzi. Jamii isiyowapamba wasanii wake huwasahau upesi zaidi. Lililo wazi ni kwamba nishani imetumika mahali pa mambo mawili ambayo haiwezi kuyafidia. La kwanza ni haki ya utunzi. Kongo ilikuwa na chama cha kitaifa cha watunzi, SONECA, tangu mwaka 1969, na sheria ya haki za watunzi ya mwaka 1986. Chama kingine, SOCODA, kikakichukulia nafasi mwaka 2011. Vyombo hivyo, vikifanya kazi ipasavyo, humpa mtunzi kidogo kidogo kila mwaka, bila kumtaka apige magoti. La pili ni jina. Warega walifahamu kwamba alama isiyofuatana na maneno yake ni pembe tu. Mwalimu wa Kailo hana uwezo wa kutoa nishani wala kulipa haki za utunzi. Lakini anaweza, kabla wimbo haujaanza, kuwaambia wanafunzi wake kwa Kiswahili kwamba maneno haya ni ya Boka na sauti hii ni ya Lutumba. Heshima hiyo haihitaji amri ya rais, na hakuna serikali itakayoweza kuivua.