Jinsi Chumba cha Eksirei Kilivyojifunza Kumhudumia Mgonjwa

Katika vyuo vinavyofundisha radiografia, somo la kumhudumia mgonjwa hufundishwa mapema, sambamba na fizikia ya mionzi na anatomia, na wanafunzi wengi hulihesabu kuwa jepesi kuliko yote. Wanaona limewekwa ili kuwakumbusha salamu na upole, mambo ambayo mtu aliyelelewa vizuri ametoka nayo nyumbani, na kwamba kazi yenyewe itaanza siku watakapoishika mashine. Dhana hiyo ina historia, na historia hiyohiyo inaikanusha. Fani ya eksirei ilizaliwa bila somo hili. Ilikaa miaka mingi bila kuwa nalo, na vipengele vyake viliongezwa kimoja kimoja, mara nyingi baada ya watu kuungua, kuugua au kufa. Ukiifuata safari hiyo tangu mwisho wa karne ya 19, utaona jambo moja likijirudia: kila mashine ilipopata uwezo mpya, ilimdai mwendeshaji wake amjue zaidi mtu aliyelala mbele yake. Kumhudumia mgonjwa ni sehemu ya ufundi wa kupiga picha, na anayejifunza radiografia bila hilo amejifunza nusu ya kazi.

Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei tarehe 8 Novemba 1895 katika maabara yake huko Würzburg, Ujerumani, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshapiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha, mifupa na pete vikionekana waziwazi. Ugunduzi ulienea upesi kwa sababu vifaa vyake vilikuwa tayari mikononi mwa watu: tyubu ya kioo iliyoondolewa hewa, koili ya kutoa umeme wa nguvu kubwa, na sahani ya picha. Mwaka 1896 daktari John Macintyre alianzisha idara ya eksirei katika hospitali ya Glasgow Royal Infirmary. Kwingineko waliovamia kazi hiyo walikuwa wapiga picha wa studio, mafundi umeme, wakemia na walimu wa fizikia. Hao walizijua sahani na nyaya, mgonjwa hawakumjua. Mtu aliambiwa atulie dakika nyingi, pengine saa nzima, jirani na nyaya zisizofunikwa ambazo zingeweza kumuua. Mwanzoni mwa 1896, katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani, mwanafizikia John Daniel alimwelekezea tyubu kichwani mwenzake William Dudley kwa muda wa saa moja, na siku 21 baadaye nywele za mahali pale zikanyonyoka. Dudley alikuwa msomi na alijitolea kwa hiari yake. Mgonjwa wa kawaida, asiyejua kilichokuwa ndani ya chumba kile cha giza wala swali la kuuliza, alikuwa katika hali mbaya zaidi.

Madhara yalipoanza kujulikana, waliotazamwa kwanza hawakuwa wagonjwa. Wapiga picha walikuwa na desturi ya kupima nguvu ya tyubu kwa kuweka mikono yao wenyewe mbele yake, na mikono hiyo ikaanza kuoza. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikatwa mikono na kufariki mwaka 1904. Elizabeth Fleischman wa San Francisco, aliyewapiga picha askari waliojeruhiwa katika vita vya Marekani na Hispania, alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 1936 mnara wa kuwakumbuka mashahidi wa mionzi ulisimamishwa Hamburg, na wanastahili heshima hiyo. Ila tutazame matokeo ya msiba wao. Kamati ya Uingereza ya mwaka 1921, na ile ya kimataifa iliyoundwa Stockholm mwaka 1928, zilianza na kanuni za kuwalinda wafanyakazi: saa za kazi, likizo, kuta na aproni za risasi. Mgonjwa, ambaye huingia mara moja na kutoka, alibaki pembeni mwa hesabu. Ilidhaniwa kwamba mionzi kidogo haimdhuru mtu, na kwamba faida ya picha inalipia yote.

Mafunzo rasmi nayo yalianza kwa kumtazama mwendeshaji kama fundi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Marie Curie alipeleka magari ya eksirei karibu na uwanja wa vita nchini Ufaransa, na kuanzia mwaka 1916 akawafundisha wanawake wapatao 150 kuyaendesha. Walisoma umeme, mionzi na anatomia, kwa kuwa vita havikuruhusu zaidi. Mwaka 1920 Chama cha Wapiga Picha za Mionzi cha Uingereza kilianzishwa kwa ushirikiano wa madaktari na taasisi ya wahandisi wa umeme, na wazazi hao wawili walionekana katika sura ya mtoto: mitihani ilielemea umeme na fizikia. Dalili kwamba jambo fulani limesahaulika zilikuwapo. Nchini Marekani, ambako usajili ulianza mwaka 1922, wa kwanza kusajiliwa alikuwa mtawa, Sista Mary Beatrice Merrigan wa Oklahoma, mtu wa mapokeo ya hospitali na si ya karakana. Kisha mwaka 1939 Kathleen Clara Clark, aliyekuwa amekwisha kukiongoza chama cha Uingereza, alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu mikao ya kupigia picha. Kitabu hicho, ambacho warithi wake wameendelea kukichapisha upya hadi karne hii, kilimwonyesha msomaji mwili wa mtu ukiwa umelala, umeketi au umesimama, kisha picha inayotokana na mkao huo. Kwa njia hiyo kilikiri kwamba ubora wa picha huamuliwa pia na jinsi unavyoushika na kuuweka mwili unaoumwa.

Mambo mawili yaliyofuata yalifanya huduma kuwa suala la uhai. La kwanza ni dawa zinazoonekana kwenye picha. Mwaka 1929, huko Berlin, Moses Swick alionyesha kwamba dawa yenye aiodini ikichomwa mshipani huwezesha figo na njia ya mkojo kuonekana. Tangu hapo chumba cha eksirei kikawa mahali ambapo mtu aliyeingia akitembea anaweza, kwa nadra lakini kwa ghafla, kuvimba koo, kushindwa kupumua na kuzirai. Aliye karibu naye dakika hiyo mara nyingi ndiye mpiga picha, na maisha yanategemea kama aliuliza kabla kuhusu pumu na mzio, na kama anatambua dalili ya kwanza. La pili lilitoka kwa daktari Alice Stewart wa Oxford. Katika miaka ya 1950 yeye na wenzake waliwafuata akina mama waliofiwa na watoto kwa saratani, wakawauliza walipitia nini wakati wa ujauzito. Ripoti zao za mwaka 1956 na 1958 zilionyesha kwamba watoto ambao mama zao walipigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito walikabiliwa na hatari inayokaribia kuwa mara mbili ya wengine. Wataalamu wengi walimpinga, na miaka mingi ilipita kabla hajakubaliwa. Ukweli uliojificha mbele ya mashine kwa nusu karne ulifichuliwa na maswali kwa akina mama, na dawa yake nayo ikawa swali: kumuuliza kila mwanamke wa umri wa kuzaa kama huenda ana mimba, kwa faragha na kwa lugha inayomwezesha kujibu kweli. Si ajabu kwamba ni mwanzoni mwa miaka ya 1960 ambapo walimu wawili wa Uingereza, Noreen na Muriel Chesney, walichapisha kitabu kizima kuhusu kumhudumia mgonjwa katika radiografia ya uchunguzi. Ushahidi ulikuwa umetosha kujaza kitabu.

Mashine ilifika Afrika Mashariki mapema, Hospitali ya Mengo mjini Kampala ikiwa nayo tangu mwaka 1907, na vitabu vya Uingereza vikafuata. Lakini huduma haiwezi kuagizwa kutoka nje ikiwa imekamilika, na picha ya kifua, iliyo ya kawaida kuliko zote, inatosha kulionyesha hilo. Mgonjwa husimama akikabili kaseti inayobeba filamu, kidevu juu, viganja kiunoni, mabega yakisukumwa mbele ili mifupa ya bega isifunike mapafu, kisha avute pumzi ndefu na kuizuia. Asipoelewa maelezo, atapumua nusu, na moyo utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kama nywele zake zimesukwa na mikia ya misuko imeangukia shingoni, kivuli chake hukaa juu ya ncha ya pafu, palepale daktari anapotafuta kifua kikuu. Hirizi shingoni au pini ya mtandio huacha alama yake. Picha ya nyonga hukutana na shanga za kiunoni, ambazo mwanamke hazizungumzii mbele ya mtu baki. Mpiga picha asiyejua kuuliza jambo hilo kwa staha, au asiyejua lini amwite mwenzake wa kike, atapata picha yenye duara za kivuli juu ya mfupa. Atarudia, na mgonjwa atapokea mionzi mara mbili. Hapa adabu na kiwango cha mionzi ni hesabu moja.

Wapo wanaosema kwamba hayo yote ni kazi ya wauguzi, na kwamba mpiga picha abaki na mashine yake. Hoja hiyo ina uzito pale inapohusu vidonda, dawa na usiku mrefu wa wodini, ambako muuguzi hana mbadala. Haisimami ndani ya chumba cha eksirei. Muuguzi akimfikisha mgonjwa mlangoni hurudi kwenye wodi yenye wagonjwa wengine, na yule aliyevunjika nyonga hubaki na mpiga picha peke yake. Ni yeye atakayeamua kumgeuza au kuiacha nyonga ilivyo na kuielekeza mionzi kwa ubavu. Ni yeye atakayeona mrija wa mkojo umevutika au chupa ya maji ya mshipani imeshuka chini ya mkono. Uamuzi wa namna hiyo unahitaji kumjua mgonjwa na kuijua mionzi kwa wakati mmoja, na mtu mwenye elimu hizo mbili katika chumba kile ni mmoja.

Wengine husema kwamba upole ni tabia, na tabia haitungiwi mtihani. Kwamba moyo wa huruma haupimwi kwa alama, nakubali. Lakini historia tuliyoifuata haikuwadhuru wagonjwa kwa kukosa watu wenye huruma. Daniel hakumchukia Dudley, na madaktari walioagiza eksirei za wajawazito walitaka kuwasaidia. Walichokosa ni maarifa na utaratibu: nini kiulizwe, lini, kwa nani, na kifanyike nini jibu likiwa ndiyo. Kumhamisha mtu kutoka kwenye machela bila kumtonesha, kumtambua kwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa kabla ya kubonyeza kitufe, kumweleza asiyesikia wakati wa kuzuia pumzi, yote ni matendo yanayoweza kuonyeshwa, kurudiwa na kukosolewa na mkufunzi. Nchini Marekani mtihani wa usajili una sehemu nzima inayohusu huduma kwa mgonjwa, na sehemu hiyo ina majibu sahihi na majibu yasiyo sahihi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye foleni. Hospitali zetu zina wagonjwa wengi na mashine chache, na mashine za kidijitali hutoa picha kwa sekunde. Kwa nini kupunguza kasi kwa mazungumzo? Kuna tukio la kihistoria linalolijibu swali hili. Katika miaka ya 1970 na 1980 Shirika la Afya Duniani lilibuni mfumo rahisi wa eksirei kwa hospitali ndogo za nchi maskini. Mkono mmoja wa chuma ulibeba tyubu upande mmoja na kaseti upande wa pili, umbali kati ya viwili hivyo ukiwa sentimita 140 daima, na vitabu vya maelekezo vikaandikwa kwa ajili ya waendeshaji wenye mafunzo mafupi. Wabunifu waliondoa karibu maamuzi yote magumu ya kifundi. Mkono huo uliweza kumzunguka mgonjwa aliyelala, hivi kwamba majeruhi hakulazimika kugeuzwa. Hata hivyo vitabu hivyo viliendelea kumwonyesha mwendeshaji, mkao baada ya mkao, jinsi ya kumweka mgonjwa. Mashine iliporahisishwa hadi mwisho, kilichobaki kumfundisha mtu kilikuwa mgonjwa. Ndivyo ilivyo kwa mashine za leo zinazojichagulia kipimo cha mionzi: zimechukua sehemu ya kazi iliyokuwa ya fundi umeme wa mwaka 1920 na kuacha ile ambayo wahandisi hawakuifundisha. Tena kinachorefusha foleni ni picha zinazorudiwa, na dakika moja ya maelezo ni fupi kuliko picha ya pili.

Kwa hiyo vyuo vyetu vina sababu ya kulitoa somo hili kwenye pembe ya masomo mepesi. Lifundishwe kwa vitendo miaka yote, ndani ya chumba cha mashine, na walimu walewale wanaofundisha mikao. Mwanafunzi apimwe jinsi anavyomuuliza mwanamke kuhusu ujauzito na jinsi anavyomhamisha majeruhi, na akishindwa arudie, kama anavyorudia mtihani wa fizikia. Lipewe mifano ya hapa, ya misuko na shanga, ya mzee asiyejua Kiswahili cha mjini, ya mama aliyekuja na mtoto mgongoni na hana wa kumwachia. Waliotutangulia walijifunza haya kwa miili ya wagonjwa wao kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwafundisha. Kizazi chenye vitabu, walimu na kumbukumbu ya zaidi ya miaka 125 hakina udhuru huo.